Nani Alikesha na Jeraha?

Kidole gumba cha Baraka ndicho kilichozua mjadala. Alijikata juzi jioni akimenya chungwa, na sasa gumba lilikuwa limevimba, limeiva, na pembeni mwa kucha pana doa la manjano lisilozidi punje ya mtama. Tulikuwa tisa, wanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari, tumejazana katika chumba kimoja cha hosteli huko Upanga, Dar es Salaam, wengine vitandani, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mtihani wa kinga ya mwili ulikuwa umebakiza siku nne, na madesa yalikuwa yamelowa kalamu za rangi mpaka ukurasa mzima ulikuwa wa njano.

Mwanaidi alikitazama kile kidole akasema kitapona kingamwili zikifika. Baraka akajibu kwamba kimeanza kupona tangu juzi, wala hakikumsubiri mtu.

Dokta Idrisa, aliyetutangulia chuoni na sasa yuko mwaka wake wa mafunzo ya vitendo wodini, alikuwa amekuja kufuata chaja yake tu. Akavuta kiti. Akasema tufanye kama sekondari: hoja mezani, mtetezi, mpinzani, mwenyekiti. Hoja ikawa hii: kinga tunayozaliwa nayo ndiyo kinga hasa, ile ya kujifunza ni nyongeza. Baraka atetee, Mwanaidi apinge, yeye mwenyewe awe mwenyekiti. Mimi nikapewa karatasi na simu, niwe mtunza muda.

BARAKA: Mwenyekiti, mtunza muda, na ninyi wasikilizaji mliokalia ndoo, nawasalimu kwa gumba. Kabla kisu hakijanigusa, ngozi yangu ilikuwa imefanya kazi miaka 21 bila kupewa ahsante. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa, hubanduka kila siku na kuondoka na vijidudu vilivyozikalia. Machozi yana kimeng'enya kinachobomoa kuta za bakteria. Ute wa njia ya hewa hunasa, na vinyweleo vyake hufagia kuelekea nje. Asidi ya tumbo huua mengi ya yale tunayoyala kwa mama ntilie. Hiyo yote ni kinga, na bado hakuna hata seli moja nyeupe iliyoitwa.

Kisu kikapita. Ndani ya dakika, protini za komplementi, zile zinazotengenezwa kwenye ini na kuelea katika damu zikiwa zimelala, zikaanza kuamshana moja baada ya nyingine. Zina kazi tatu, na tafadhali muziandike kwa mpangilio huu: kumpaka bakteria alama ili aliwe kwa urahisi, kuziita seli nyeupe, na kutoboa utando wa baadhi ya bakteria. Makrofaji zilizokuwa zinaishi chini ya ngozi zikawagusa wale wageni. Makrofaji haijui jina la bakteria. Inajua nguo anayovaa: sukari na mafuta ya ukuta wake, vitu ambavyo seli ya mtu haina. Ikishaona nguo hiyo, inamwaga saitokaini, protini za kupeleka habari. Mishipa ikatanuka, nikapata wekundu na joto. Maji ya damu yakavuja, nikapata uvimbe. Neva zikachokozwa, nikapata maumivu. Hizo nne Mrumi Celsus aliziorodhesha karibu miaka 2,000 iliyopita, naye hakuwa na hadubini.

Halafu zikaja seli nyeupe zenyewe, neutrofili. Zinabingirika kwenye ukuta wa mshipa, zinanata, zinajipenyeza katikati ya seli na kutoka. Uboho wa mtu mzima hutengeneza kama bilioni 100 kwa siku. Zinameza, zinaua, zinakufa. Doa hili la manjano, Dada Mwanaidi, ni maiti zao. Unataka ushahidi gani zaidi?

Na nimalizie na mende wa bafuni kwetu. Hana kingamwili hata moja, hana seli T, na ameishi duniani kabla yetu. Sehemu kubwa kabisa ya wanyama wanaishi kwa kinga ya kuzaliwa nayo peke yake. Ile ya kujifunza ilianza kwa wanyama wenye uti wa mgongo na taya, miaka kama milioni 500 iliyopita. Kitu ambacho wengi wanaishi bila nacho, Kiswahili chake ni nyongeza.

(Makofi. Mtunza muda akainua mkono, hakuna aliyemtazama.)

MWANAIDI: Mwenyekiti, wahenga walisema haraka haraka haina Baraka.

(Kicheko kirefu. Baraka mwenyewe akapiga ndoo.)

Naomba kila mmoja apandishe mkono wa shati. Haya, tazameni. Kila bega hapa lina kovu. Hilo ni la BCG, chanjo ya Calmette na Guérin iliyotolewa kwa mtu kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1921. Ninyi mlichomwa mkiwa wachanga, hamkumbuki kitu. Mwili ulipewa somo siku zile kwa ajili ya kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima, vile vinavyoua watoto. Mende wa Baraka akiponea shambulio leo, hana daftari la kuandika kilichomsibu kwa jina lake.

Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini ya mbali, ambako haikuonekana kwa miaka 65. Waliugua zaidi ya watu 6,000 kati ya wakazi wasiofika 8,000. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, akaona ajabu: wazee walioipata surua mwaka 1781 walikaa nyumba moja na wagonjwa na hawakuugua. Miaka 65, Kaka Baraka. Neutrofili zako zinamaliza hata siku mbili ndani ya damu?

Na hapa pwani yetu ya Afrika Mashariki, mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua ndui. Akapona. Akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha. Ugonjwa uliokuwepo maelfu ya miaka uliondolewa na kitu kimoja: kumbukumbu, iliyopandwa kwa sindano mkononi mwa watu hadi virusi vikakosa pa kwenda. Hiyo ndiyo nyongeza?

MWENYEKITI: Umeeleza inafanya nini. Eleza inafanyaje. Mtihani hautauliza habari za Merca.

MWANAIDI: Sawa, Dokta. Binadamu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini, lakini anaweza kutengeneza kingamwili za aina mabilioni. Hesabu haikubali, mpaka Susumu Tonegawa alipoonyesha mwaka 1976 kwamba limfositi ziitwazo seli B hukata vipande vya jeni zake na kuviunga upya, kila seli kwa bahati nasibu yake. Ndiyo maana kila limfositi ina kipokezi chake kimoja, tofauti na jirani. Limfositi ziitwazo seli T nazo zinafanya hivyo hivyo. Bahati nasibu hutoa vipokezi vingine vya hatari, vinavyoshambulia mwili wenyewe. Kwa hiyo seli T hupelekwa kwenye thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, zikatahiniwe. Isiyotambua chochote inakufa. Inayoutambua mwili wake kwa ukali inakufa. Kati ya 100, hazifiki tano zinazotoka hai. Hata somo la biokemia halifelishi hivyo.

Zinazobaki zinazunguka mwilini zikisubiri. Siku ikija antijeni, yaani kipande cha mgeni, inayolingana na kipokezi cha mojawapo, hiyo moja inachaguliwa, inagawanyika mara nyingi, na kuzaa jeshi la nakala zake. Burnet aliitoa nadharia hiyo mwaka 1957. Wengi wa uzao huo hufa kazi ikiisha. Wachache hubaki miaka. Hao wachache ndio wazee wa Faroe.

BARAKA: Inagawanyika mara nyingi kwa muda gani, dada?

MWANAIDI: Siku nne hadi saba, mara ya kwanza.

BARAKA: Mtunza muda, andika hapo. Siku saba! Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako anakuja siku ya saba na bado anaulizia shamba liko wapi. Bakteria anaweza kugawanyika kuwa wawili kila dakika 20. Katika siku saba bila neutrofili zangu, dada, ungekuja kunizika.

Nenda wodi ya wanaotibiwa saratani. Mgonjwa ambaye dawa zimemshushia neutrofili chini ya 500 kwa maikrolita, akipata homa usiku hatusubiri asubuhi. Anapewa antibiotiki za mshipa saa ile ile. Limfositi anaweza kuwa nazo, na kumbukumbu ya chanjo zake zote anayo. Hazimsaidii.

MWENYEKITI: Hapo niingilie kidogo kwa faida ya wote. Chini ya 500 ni dharura kwa mtu yeyote. Lakini kitabu kitawaambia kwamba chini ya 1,500 ni pungufu, na hapa kwetu mtakutana na watu wazima wazima kabisa wenye 1,300 au 1,200. Waafrika wengi hawana kipokezi cha Duffy kwenye seli nyekundu, jambo linalowakinga na malaria ya vivax, na hali hiyo hiyo huambatana na neutrofili chache kwenye damu. Haziwapunguzii ulinzi. Viwango vya vitabuni vilipimwa kwa watu wa asili ya Ulaya. Usimwandikie mtu ugonjwa kwa sababu hakuzaliwa huko. Endelea, Baraka.

BARAKA: Ahsante, Dokta. Kuna watoto wanaozaliwa na neutrofili tele, lakini hazina gundi ya kunata kwenye ukuta wa mshipa. Kitovu chao kinachelewa kudondoka, wiki na wiki. Wanapata vidonda visivyotoa usaha. Ukipima damu, seli nyeupe ni nyingi kupita kiasi, zimekwama barabarani. Mtoto asiyetoa usaha ni mtoto aliye hatarini. Kwa hiyo mkiona usaha wangu, msifanye uso wa kinyaa, semeni alhamdulillahi.

Na hiyo kumbukumbu anayojivunia mwenzangu inafutika. Surua ile ile aliyoitolea mfano huingia ndani ya seli za kumbukumbu na kuziua. Utafiti uliotoka 2019, uliofuatilia watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, ulionyesha kwamba baada ya surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Na malaria je? Mtu wa Kigoma anakua akiumwa, anafika ukubwani ana vimelea kwenye damu na anakwenda shamba. Mpeleke Ulaya asome miaka sita. Akirudi likizo, malaria inaweza kumwangusha kitandani. Hiyo ndiyo kumbukumbu?

MWANAIDI: Kaka amechanganya mambo mawili, na mtahini atafurahi sana kumkamata. Surua haionyeshi kwamba kumbukumbu ni dhaifu. Inaonyesha kwamba aliyeipoteza anakufa kwa nimonia na kuhara miezi baadaye, maana yake ilikuwa inambeba. Ndiyo hoja yangu hiyo, kaniandikia yeye.

Malaria tuiangalie kwa karibu. Kila seli ya mwili yenye kiini huweka mlangoni kwake vipande vya protini inazotengeneza ndani, juu ya molekuli za MHC daraja la kwanza. Seli T za CD8 hupita zikikagua. Zikikuta kipande cha virusi, zinaiua seli nzima. Seli zenye kazi ya kuonyesha antijeni zina daraja la pili, na hilo husomwa na seli T za CD4. Kama mnasahau, zidisheni: moja mara nane ni nane, mbili mara nne ni nane. Sasa kimelea cha malaria kimechagua nyumba gani? Seli nyekundu ya damu. Haina kiini, haina MHC, mlango wake hauna kitu cha kukagua. Juu yake kimelea huweka protini yake chenyewe, na kina jeni kama 60 za kubadilishia vazi hilo. Mwili unajifunza vazi hili, kimelea kinavaa lile. Kujifunza huko kunachukua utoto mzima, lakini kupo. Mwaka 1961, Gambia, Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili za damu ya watu wazima waliozoea malaria wakawapa watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua kwa kasi. Makrofaji za watoto wale zilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni somo.

Na nimalizie na jambo ambalo kila nyumba ya nchi hii inalijua. VVU haigusi ngozi ya mtu, haimalizi asidi ya tumbo, komplementi inabaki, neutrofili zinabaki. Inachukua CD4. Zinashuka kutoka 500 na kuendelea hadi chini ya 200, na mtu anakufa kwa fangasi wa mapafu ambaye sisi sote hapa tunampumua bila habari. Kinga ya Baraka yote ipo, imesimama, na mtu anazikwa. Tangu miaka ya 1980 tumezika wangapi, mwenyekiti?

(Kimya. Chumba kile hakikuwa na mtu asiye na jina la kukumbuka. Nilisahau kutazama saa.)

MWENYEKITI: Nani ana swali kwa wazungumzaji? Hakuna? Basi ninalo mimi. Baraka, nyoosha mkono wako. Jipapase kwapani.

BARAKA: Upande huu? Kuna... aah. Kuna kitu. Kinauma.

MWENYEKITI: Kidonda kiko kwenye gumba. Mtoki umevimba kwapani. Nani alipeleka habari?

MWANAIDI: Seli dendritiki.

BARAKA: Ambayo ni ya upande wangu!

MWANAIDI: Inafanya kazi ya upande wangu.

MWENYEKITI: Elezeni wote wawili, kila mtu sentensi yake.

BARAKA: Ilikuwa imekaa kwenye ngozi ya gumba. Ikameza vipande vya bakteria.

MWANAIDI: Ikaiacha ngozi, ikapanda mirija ya limfu mpaka mtokini, ikaweka vipande vile kwenye MHC daraja la pili, mbele ya seli T zinazopita kwa maelfu. Inayolingana ni moja kati ya laki moja au hata milioni.

BARAKA: Lakini haikubali kuamka kwa kuonyeshwa kipande tu. Lazima seli dendritiki iwe na ishara ya pili juu yake, na ishara hiyo huiweka pale tu ilipokwisha kuona nguo ya bakteria au kusikia saitokaini za hatari.

MWANAIDI: Kweli. Seli T ikionyeshwa kipande bila ishara hiyo, haiamki; inanyamazishwa. Na kuna ishara ya tatu, saitokaini zinazoiambia iwe seli ya namna gani: ya kusaidia makrofaji, ya kupambana na minyoo, au ya kuita neutrofili zaidi.

MWENYEKITI: Hiyo wodini tunaiita ripoti ya zamu. Asubuhi saa moja na nusu, aliyekesha anamkabidhi anayeingia: mgonjwa wa kitanda cha nne ana nini, amepewa nini, aangaliwe nini. Ripoti isiyo na sahihi hatuipokei. Ishara ya pili ndiyo sahihi. Watengeneza chanjo walilijua hili kwa mikono kabla ya kulijua kwa kichwa. Tangu 1926 walikuwa wanachanganya protini safi na chumvi ya alumini, kwa sababu protini peke yake mwili uliipuuza. Charles Janeway wa Yale aliwaambia wenzake mwaka 1989 kwamba huo mchanganyiko ni siri yao ya aibu, na akabashiri kwamba lazima kuna vipokezi vya kutambua nguo ya vijidudu. Jules Hoffmann akavionyesha kwa nzi wa matunda 1996, Bruce Beutler kwa panya 1998. Ralph Steinman, aliyeieleza seli dendritiki mwaka 1973, alipewa Nobeli pamoja na Hoffmann na Beutler 2011, naye alikuwa amefariki siku tatu kabla ya tangazo. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, ndani yake ina kitu kilichotokana na ukuta wa bakteria wa Salmonella. Hakihusiani na malaria hata kidogo. Ni sahihi ya kuweka kwenye ripoti.

BARAKA: Kwa hiyo nimeshinda. Bila mimi hakuna anayeamka.

MWENYEKITI: Kingamwili ya Mwanaidi ikishamshika bakteria, nani anamla?

BARAKA: Neutrofili na makrofaji. Zangu.

MWENYEKITI: Na makrofaji iliyomeza kijidudu cha kifua kikuu ikashindwa kukiua, nani anaipa nguvu?

MWANAIDI: CD4, kwa interferoni gama. Yangu. Ndiyo maana mwenye VVU anashindwa na kifua kikuu: makrofaji anazo, hakuna wa kuzihimiza. Dokta, nimeona pa kujirekebisha. Niliposema kinga ya Baraka yote imesimama, kumbe ilikuwa imesimama bila amri.

MWENYEKITI: Na hayo makovu uliyotuonyesha begani? Tangu miaka ya 2010 imeonekana kwamba BCG haifundishi limfositi tu. Inabadilisha namna jeni za monositi, seli za upande wa Baraka, zinavyofunguliwa, kiasi kwamba kwa muda zinakuwa kali hata kwa vijidudu visivyo vya kifua kikuu. Kinga ya Baraka nayo inajifunza, ingawa inashika kwa jumla, haishiki majina.

Neema, aliyekuwa kimya juu ya kitanda cha juu, akanyoosha mkono.

NEEMA: Shikamoo, Dokta. Shangazi yangu anauza unga wa mlonge, ameandika kwenye pakiti "huongeza kinga". Wateja ni wengi. Nikimaliza chuo nitamwambia nini?

MWENYEKITI: Marahaba. Mwambie mlonge ni mboga nzuri. Mtu mwenye utapiamlo kinga yake hushuka, akila vizuri hurudi. Mtoto aliyepungukiwa vitamini A akipewa, hatari yake hupungua. Lakini muulize shangazi kwa heshima: kinga ipi? Kama ni maji kwenye tangi, ukijaza umefaulu. Sikilizeni.

Nilipokuwa mwezi wa kwanza wodini, aliletwa kijana. Ana VVU, CD4 chini sana, ameanza ARV wiki tatu zilizopita. Siku ya kuanza alikuja kwa miguu yake. Sasa shingo imejaa mitoki mikubwa kama ndimu, homa 39, hapumui vizuri. Mama yake akanishika mkono, akasema, mwanangu, hizi dawa zinamuua, muacheni. Tukapima. CD4 zimepanda, virusi vimeshuka. Dawa zilikuwa zinafanya kazi. Kifua kikuu kilikuwa kimelala mle mwilini muda wote, kimya, kwa sababu hapakuwa na wa kukigombeza. Kinga iliporudi ikakikuta, ikakiwakia moto wote kwa pamoja. Kijana alikuwa anaumwa na kupona kwake.

NEEMA: Mkafanyaje?

MWENYEKITI: Hatukusimamisha ARV. Tukaanza dawa za kifua kikuu, na tukampa prednisolone. Dawa ya kushusha kinga, Neema, kwa mgonjwa wa Ukimwi. Ilinichukua muda kumweleza yule mama. Nilimwambia, mama, askari wamerudi wengi kwa mpigo, tunawaomba wapunguze sauti. Akatingisha kichwa, akakubali, ingawa naona alikubali uso wangu kuliko maneno yangu. Na wenye uambukizo wa ubongo, wa kifua kikuu au wa kriptokokasi, hao tunawachelewesha ARV wiki kadhaa kwa makusudi, kwa sababu fuvu halina nafasi ya uvimbe. Kwenye shingo kinga ikizidi unapata mitoki. Kwenye fuvu unapata msiba.

MWANAIDI: Mwenye kovu usidhani kapoa.

MWENYEKITI: Hasa. Na wapo watoto wa kiume wanaozaliwa na jeni mbovu ya FOXP3. Neutrofili zao nzima, limfositi zao nzima. Wamekosa kundi dogo la seli T ambalo kazi yake ni kutuliza nyingine. Ngozi yao, utumbo wao, kongosho lao vinashambuliwa tangu uchanga, na bila tiba kali hawakui. Shimon Sakaguchi alizieleza seli hizo mwaka 1995, wengi walimkatalia, na 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapewa Nobeli. Watu wawili mmebishana usiku huu juu ya nani anaanza na nani anakumbuka. Hakuna aliyesimama kumtetea anayesimamisha.

BARAKA: Hakuwemo kwenye hoja, mwenyekiti.

MWENYEKITI: Hata mwaka 1908 hakuwemo. Kamati ya Nobeli iliigawa tuzo moja kwa mahasimu: Metchnikoff, aliyechoma miiba viluwiluwi vya kiti cha pweza huko Messina mwaka 1882 akaona seli zikiizunguka, na Ehrlich, aliyeshikilia kwamba siri iko katika maji ya damu. Mmoja Baraka, mmoja Mwanaidi. Kambi zao zilibishana miaka 20 na zaidi, na kila moja ilikuwa sahihi kuhusu zamu yake. Wagonjwa wengi nitakaowaachia ninyi hawatakuja na kinga isiyokuwepo. Watakuja na zamu iliyoshindwa kukabidhi, au iliyokabidhi bila sahihi ya kweli, au iliyokataa kwenda nyumbani. Mzio, pumu, baridi yabisi, kisukari cha utotoni, hizo zote ni zamu za aina hiyo ya mwisho. Ukifika kitandani usiulize kinga yake kubwa au ndogo. Uliza imekwama saa ngapi.

Alipotamka saa, akatazama ya kwake. Akaruka. Zamu yake ya usiku ilianza nusu saa iliyopita na mwenzake alikuwa anasubiri kukabidhi. Akatoka mbio, chaja akaiacha juu ya kiti, na kura hazikupigwa.

Karatasi yangu ilitakiwa kuonyesha nani alizidisha dakika. Nilipoitazama nikaona sikuandika dakika ya mzungumzaji hata mmoja. Nilikuwa nimeandika: dakika, komplementi. Saa, neutrofili. Siku ya nne hadi ya saba, limfositi. Miaka 65, Faroe. Chini yake, kwa wino mwingine: kusimama, lini? Hapo pako wazi.

Siku ya nane tangu ajikate, mtihani ukiwa umepita, tulikuwa kwenye foleni ya chakula. Mwanaidi akashika gumba la Baraka, akalibonyeza. Lilikuwa limenywea, ngozi inabanduka kidogo, hakuna maumivu.

"Kingamwili zimefika," akasema.

"Zimekuta kazi imekwisha," akajibu Baraka.

Mimi nikauliza ni nani basi aliyeziambia neutrofili ziache. Mwanaidi akanitazama. Baraka akaweka sahani chini, akafungua mkoba, akatoa desa.